Mzee, nikuokotee? Kuuweka mwili tayari kwa gofu ukishapita miaka 55

Siku niliyojua mwili umebadilika nilikuwa kwenye grini, pale penye majani mafupi na shimo, nimetoka kutia pati (pigo la kuuviringisha mpira shimoni) ya hatua sita na moyo umejaa furaha. Nikainama kuutoa mpira shimoni, nikafika katikati nikakwama. Mkono mmoja umeshika mlingoti wa bendera, mwingine unapapasa hewa. Kijana aliyekuwa kedi wangu, yaani mbeba mfuko wa fimbo, siku hiyo akasogea taratibu, akasema, "Mzee, wacha nikuokotee." Akauokota, akaupangusa kwa taulo, akanipa kwa mikono miwili.

Nilimshukuru. Lakini njia nzima hadi tii iliyofuata, pale pa kuanzia shimo jingine, nilikuwa nafikiria kule kukwama, kwa sababu maana yake naijua. Mimi mwenyewe nilianza kubeba mifuko ya watu nikiwa na miaka 15, kabla sijapata kazi bandarini Mombasa, na miaka ile ilinifunza kumtambua mzee anayekaribia kuacha gofu. Usimtazame mpira wake unafika wapi. Mtazame kwenye grini, anavyoinama. Akianza kuushika mlingoti ndipo ainame, nyonga zimekaza na mapaja yamelegea. Baada ya miezi utamsikia analalamikia kiuno. Kisha mfuko wake unakaa kabatini, na mwenyewe unamkuta barazani asubuhi na kahawa.

Sasa nina miaka 64 na mwaka huu ni wa tatu nafuata mpango ninaoueleza hapa. Hautaki jimu. Unataka kiti kisicho na mikono, mkeka, leso (kanga) moja, mitungi miwili ya maji ya lita 5, na fimbo moja ya gofu. Ukiwa na presha, sukari au maradhi ya moyo, au kama umekaa miaka bila mazoezi, muone daktari kwanza na umwambie waziwazi unachotaka kufanya. Akikuambia usubiri, subiri.

Kwa nini kiuno ndicho kinacholia

Wachezaji wengi wa umri wetu wakipungukiwa na masafa ya mpira hulaumu mikono. Wanakamua mpira wa tenisi, wanabadilisha fimbo, wanatumia fedha nyingi. Tatizo liko chini zaidi.

Uti wa mgongo una pingili 12 za kifuani na 5 za kiuno. Zile za kifuani, pamoja na nyonga, ndizo zilizoumbwa kuzunguka. Za kiuno huzunguka kidogo sana, nyuzi kama 10 hivi kila upande kwa jumla yake yote. Ukikaa miaka 30 kwenye kiti cha ofisi au cha gari, kifua kinapinda mbele na nyonga zinakaza. Halafu Jumamosi unasimama kwenye tii na kuudai mwili uzunguke kwa kasi. Nyonga zinakataa, kifua kinakataa, na kiuno kinalazimika kufanya kazi ambayo si yake. Ndiyo maana maumivu ya kiuno ndiyo malalamiko makubwa ya wachezaji gofu wa kawaida.

La pili ni misuli. Huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inazidi. Inayotangulia kwenda ni ile misuli ya kasi, inayokuinua ghafla na kuipa swingi yako, yaani ule mzungusho wa fimbo, mlio. Habari njema ni kwamba misuli husikia amri hata ukiwa na miaka 70. Tom Watson alibadilishiwa nyonga ya kushoto mwaka 2008, na Julai 2009, akiwa na miaka 59, alibakiza pati moja tu kushinda The Open, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu duniani, pale Turnberry, Uskochi, akaja kushindwa na Stewart Cink kwenye mashimo ya nyongeza. Bernhard Langer ameshinda mashindano ya wakongwe mwaka 2024 akiwa na miaka 67. Hao ni wenye vipaji vya kipekee, sikuambii utakuwa kama wao. Nakuambia nyonga ya mzee inaweza kufanya kazi.

Hatua ya kwanza: jipime leo

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya kutoka dukani inatosha, na uandike majibu yako humo.

Kiti. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, mikono umeikunja kifuani. Weka saa sekunde 30. Simama wima kabisa, keti, simama tena, na uhesabu ulivyosimama. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 14, miguu imepungukiwa nguvu; mwanamke wa umri huo, chini ya 12. Kwa miaka 65 hadi 69 ni 12 kwa wanaume na 11 kwa wanawake. Mara ya kwanza mimi nilipata 11, na nilikuwa na miaka 61.

Mguu mmoja. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, usiushikize kwenye mwingine. Usipofika sekunde 10, hatua ya nne ndiyo ya kwanza kwako.

Mzunguko. Keti, magoti pamoja, fimbo imelala kifuani mabega kwa mabega, mikono imeikumbatia. Geuka kulia, kisha kushoto, bila kuyaachia magoti yaende. Bega linatakiwa lifike nusu ya njia kati ya mbele yako na ubavuni mwako. Wengi wetu upande mmoja hufika na mwingine haufiki. Andika ni upi.

Mpira. Weka mpira sakafuni, uokote bila kushika kitu. Andika tu ulivyojisikia: rahisi, kwa shida, sikuweza.

Hatua ya pili: miguu na makalio

Hapa ndipo nakuomba uweke moyo wako wote. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisizofuatana, nusu saa.

Anza na kiti kilekile ulichojipimia. Keti polepole kwa hesabu ya tatu, kisha simama kwa haraka. Ule uharaka wa kusimama ndio unaoiamsha misuli ya kasi, na ule upole wa kuketi ndio unaoyalinda magoti. Mara 8, pumzika dakika moja, rudia mpaka iwe mizunguko mitatu. Ikishakuwa rahisi, kumbatia mtungi wa lita 5 kifuani. Maji yakijaa una uzito wa kilo 5. Goti likiuma, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana, wala usione haya.

La pili ni kuinama kwa nyonga, na hili ndilo lililonirudishia mpira wangu. Shika fimbo nyuma, iguse kisogo, katikati ya mabega na kitako. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma kama mtu anayelitafuta baraza aketi, kifua kikishuka mbele. Fimbo isibanduke pahali popote kati ya hapo patatu. Ikibanduka kitakoni au kisogoni, umeshaanza kuukunja mgongo. Kwa anayeswali, rukuu iliyonyooka ndiyo umbo lenyewe la zoezi hili, basi asipite haraka pale, autulize mgongo. Mara 10, mizunguko miwili. Ukishaizoea, shika mtungi kwa mikono yote miwili mbele ya mapaja.

Utagundua kwamba hilo pia ndilo simamo la gofu. Wachezaji wengi husimama mbele ya mpira wameupinda mgongo wa juu kama wanachungulia kisimani, wakati kinachotakiwa kukunjika ni nyonga.

La tatu, daraja. Lala chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini. Kaza makalio, uyainue mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka magotini hadi mabegani, shikilia sekunde 3, shusha. Mara 10 hadi 12. Ukiusikia mshiko nyuma ya mapaja tu, sogeza nyayo karibu na makalio.

La nne, kunyanyua visigino. Shika ukuta, panda juu ya vidole, shuka polepole. Mara 15. Kina mama na kina baba wa Likoni wanaopanda mteremko wa feri kila siku hawana haja ya kuambiwa faida yake; shavu la mguu lao linaonyesha.

Kisha funga kazi kwa kubeba. Mtungi wa lita 5 kila mkono, kichwa juu, mabega chini, tembea ukumbi wako kwenda na kurudi kwa dakika moja. Pumzika, rudia mara mbili. Hapo umefanyia kazi mikono, tumbo, mgongo na mwendo kwa pamoja, na ninalipenda zoezi hili kuliko yote kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na maisha.

Misuli ikiuma kesho yake kwa uzito wa uchovu, ni kawaida. Kiungo kikichoma kama sindano, au kikivimba, punguza.

Hatua ya tatu: zifungue nyonga na kifua

Haya fanya kila siku. Mimi huyafanya baada ya alfajiri, dakika 10, mwili ukiwa umeshapata joto kidogo la kutembea nyumbani.

Lala ubavu kwenye mkeka, magoti umeyakunja na kuyapandanisha, mikono imenyooka mbele, viganja vimekutana. Sasa uchukue mkono wa juu, uufungue polepole kwenda nyuma kama unayefungua kitabu, macho yaufuate. Magoti yasiachane. Pumua nje ukifika mwisho, ngoja pumzi tatu, rudi. Mara 6 kila upande, na ule upande ulioandika kwamba ni mgumu uuongeze mara 3.

Keti kitini, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, mgongo wima, sogeza kifua mbele mpaka usikie mvuto kwenye kalio. Nusu dakika, kisha upande wa pili. Aliyebadilishiwa nyonga asifanye hili mpaka aliyemfanyia upasuaji amruhusu.

Leso ndiyo chombo changu cha mwisho. Ikunje kwa urefu iwe kamba pana. Lala chali, ipitishe kwenye unyayo, inyooshe miguu yote miwili, kisha uvute ule wenye leso uje juu mpaka usikie mvuto nyuma ya paja. Usiutingishe. Nusu dakika, mara mbili kila mguu. Goti likikunjika kidogo si neno. Leso ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi haitelezi. Ile mpya yenye wanga huteleza, na mguu ukiachia ghafla unaweza kuumia.

Hatua ya nne: mguu mmoja

Swingi yote huishia juu ya mguu mmoja. Mpigaji wa mkono wa kulia humalizia juu ya mguu wa kushoto, na asiyeweza kusimama juu yake huukata mzunguko kabla haujaisha, mpira ukaenda kulia. Zaidi ya gofu, kuanguka ndiko kunakowavunja wazee nyonga. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, juu ya zile siku 2 za misuli na dakika 150 za mwendo.

Simama mguu mmoja unapopiga mswaki: asubuhi wa kulia, usiku wa kushoto. Kisha tembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta. Ukishafika sekunde 20 bila taabu, piga swingi za taratibu ukiwa umebananisha miguu. Mwili ukiyumba utakuonyesha wenyewe ulipotumia nguvu za pupa.

Na sasa namna ya kuuokota mpira bila kuumia. Shika fimbo ya pati kwa mkono wa kushoto, kichwa cha fimbo ukiegemeze chini mbali kidogo na shimo ili usiharibu ukingo wake. Inama kwa nyonga, mkono wa kulia ukienda kwenye mpira huku mguu wa kulia ukiinuka nyuma, umenyooka. Mgongo unabaki umenyooka kama ubao, mguu unakuwa mizani. Wanaotibu viungo huwafundisha hivyohivyo hata watu wasioujua mchezo huu. Jizoeze nyumbani kwenye mkeka kwanza. Na tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, mpira unaoudondosha upya uwanjani huachiwa kutoka kimo cha goti, siyo begani tena, kwa hiyo kuinama kumeongezeka.

Mikono

Sehemu hii ni fupi. Piga pushapu kwenye ukuta mara 10 hadi 15. Kamua taulo lililolowa, kulia na kushoto, kwa ajili ya viganja. Funga leso kwenye nguzo imara au kitasa cha mlango uliofungwa kabisa, ishike ncha zote mbili, egemea nyuma kidogo, ujivute mbele ukiyabana mabega nyuma, mara 10. Kiwiko kikiuma upande wa ndani, pumzisha mipira ya mazoezi kwa wiki kadhaa. Mipira 100 ya kupiga juu ya mkeka mgumu wa mazoezini ndiyo inayoua viwiko vya wazee, na wala haimfundishi mtu chochote baada ya ile 40 ya kwanza.

Kutembea, na wapi

Mzunguko wa mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10. Kama wiki nzima hujatembea, usitegemee Jumamosi ikusamehe. Anza na dakika 20 mara nne kwa wiki, ongeza dakika 5 kila wiki mpaka utimize zile 150.

Kisiwani Mombasa, barabara ya Mama Ngina kando ya bahari asubuhi na mapema ni neema: sakafu sawa, upepo wa bahari, mibuyu, na watu wa kusalimiana nao. Ng'ambo, ufuo wa Nyali ni mzuri maji yakipwa. Tembea kwenye mchanga mgumu uliolowa. Ule mkavu wa juu ni kazi nzito kwa magoti na vifundo, uuonje kidogokidogo. Uulize maji kabla hujatoka, kwani siku za bamvua, maji yanapojaa sana, hupati pa kupita. Penye mteremko wa ufuo mguu mmoja huwa chini zaidi ya mwingine, basi nenda na urudi kwa njia ileile ili nyonga zigawane mzigo.

Dakika 10 kabla ya tii ya kwanza

Miaka minne iliyopita nilichelewa kwenye foleni, nikashuka kwenye gari mbio, nikachomeka kijiti cha tii, nikapiga dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, kwa nguvu zangu zote. Nilisikia kitu kama uzi umekatika kiunoni upande wa kulia. Nililala chali wiki mbili na gofu nikaikosa miezi miwili. Tangu siku hiyo, nikichelewa huwaambia wenzangu watangulie kupiga.

Usijinyooshe na kutulia hivyo mwili ukiwa baridi. Tingisha mwili. Tembea haraka dakika 3. Shika ukuta au gari, rusha mguu mbele na nyuma mara 10, kisha kushoto na kulia mara 10. Fimbo mabegani, zunguka polepole mara 10, kila mara ukifika mbali kidogo. Kiti cha hewani (keti na usimame bila kiti) mara 8. Zungusha mabega. Kisha swingi za fimbo fupi, nusu kasi, tano. Robo tatu, tano. Mwisho na fimbo ndefu, tatu. Upige na upande usio wako mara tano pia, mgongo upate haki sawa. Nimeshaona wazee wanabadilika kwa hili peke yake, bila zoezi jingine lolote.

Joto letu

Miongozo mingi ya gofu huandikwa na watu wa nchi za baridi. Sisi tuna jambo letu.

Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, jasho halikauki, linatiririka tu, na mwili unabaki na moto wake. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imelegea na joto linafika nyuzi 32 au 33, mashimo 18 adhuhuri si ya mtu aliyepita 60. Na umri unatuongezea mtihani: kiu ya mzee huchelewa kuja. Ukiisubiri, umeshakauka.

Piga mpira wa kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kilabu kinaruhusu, au anza saa kumi jioni ucheze mashimo 9. Kunywa nusu lita ya maji saa moja au mbili kabla, kisha mafunda manne matano kila shimo, hata kama huna kiu. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo na jasho linatoa chumvi. Nalinywa pamoja na karanga zenye chumvi. Mwenye maradhi ya figo, au anayemeza baadhi ya dawa za presha, amuulize daktari habari ya madafu, kwa kuwa potasiamu hiyo inaweza kumzidi. Vilevile dawa za presha zinazokojoza hukausha mwili haraka zaidi siku ya jua. Usiziache kwa shauri lako, uliza zimezwe saa ngapi. Mwenye sukari abebe tende au glukosi mfukoni, na kedi ajue ziko mfuko gani.

Kofia ya ukingo mpana, shati jepesi la mikono mirefu, taulo lililoloweshwa shingoni. Ukisikia kichwa kinagonga, kichefuchefu, au miguu kukamata, umeshamaliza kucheza kwa siku hiyo: kivulini, maji, miguu juu. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akianguka na ngozi inawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji, mpepeeni, barafu kwapani na kwenye kinena, na gari la hospitali liitwe papo hapo.

Ramadhani mimi huyaacha mashimo. Nafanya kiti na leso saa moja kabla ya futari, kwa upole, au baada ya tarawehe, na mwezi ukiandama sijapoteza chochote.

Chakula

Misuli haijengwi kwa chai ya maziwa na mahamri. Mzee anahitaji protini zaidi ya kijana, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 70 hadi 84. Yai moja lina gramu 6, gramu 100 za samaki aliyepikwa ni 20 na zaidi, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa karibu 15. Zigawanye katika milo yote mitatu. Mbaazi za asubuhi zikiwa nyingi na hamri likiwa moja, umeshaanza vizuri. Mwenye figo zisizo sawa afuate kipimo cha daktari wake.

Badilisha mchezo uufuate mwili

Hapa najua wazee wenzangu wanasita, kwa hiyo naomba msikilize. Cheza tii za mbele. Hendikapu, ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji, hukokotolewa kulingana na tii uliyotumia, hupotezi heshima wala haki. Cheza mashimo 9: Mombasa Golf Club, kilabu kilichoanza mwaka 1911 pale juu ya bahari, uwanja wake wenyewe ni wa mashimo 9, na alama za mashimo 9 huhesabiwa kwenye hendikapu. Ukienda Nyali kwenye mashimo 18, chukua kedi na umlipe vizuri, au sukuma kigari cha mfuko mbele yako. Kukivuta nyuma hupindisha bega na kiuno.

Kanuni zinaruhusu fimbo 14, hazilazimishi. Nane au tisa zinakutosha na mfuko unakuwa mwepesi. Mpini wa grafaiti humeza mtikisiko kuliko wa chuma, na kishikio kinene kidogo huwapa nafuu wenye viganja vya baridi yabisi. Kusi ikivuma usishindane nayo. Chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo, piga kwa upole. Viuno vingi huumia Julai kwa kuupigia makofi upepo.

Ukimaliza, usiingie garini moja kwa moja. Tembea dakika 5, rudia ule mvuto wa kalio, kunywa maji, ndipo ukae na wenzako.

Lini usimame kabisa

Maumivu au uzito kifuani, hasa yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya. Pumzi kukata kuliko kawaida. Kizunguzungu kisichoisha: acha fimbo, hospitali. Kiuno kinachouma pamoja na ganzi kwenye kinena, mguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia haja, usilale nacho hata usiku mmoja.

Jipime tena kila mwezi

Tarehe moja ya kila mwezi, kiti kilekile, saa ileile, vipimo vilevile vinne. Wiki nne za kwanza huenda usione tofauti. Wiki ya nane hadi ya kumi na mbili ndipo namba husogea. Yangu ya kiti ilitoka 11, ikawa 13, ikakaa hapo miezi miwili nikakata tamaa kidogo, kisha ikafika 16. Upande wangu wa kushoto wa mzunguko bado haujafika nusu ya njia, naufungua kitabu mara 9 kila asubuhi. Mpira nauokota mwenyewe, mguu wa kulia nyuma, mgongo umenyooka. Yule kijana bado ndiye kedi wangu. Nikiinama, yeye hushika bendera tu.